Mkono wa Kushoto Mbele ya Maalim

Madamu, mwalimu wetu wa muziki, hakuwa na subira na mimi, na mimi sikuwa na subira na yeye, kwa hiyo tulielewana vizuri tu. Siku aliyoniambia mkono wangu wa kushoto umekufa, nilikuwa nimesimama mbele ya watu thelathini katika ukumbi wa chuo, Mtwara mjini. Umeme ulikuwa umekatika, mapangaboi yamesimama, na jasho linanichuruzika mgongoni. Gesi inatoka kwetu, umeme unatukatikia sisi, lakini haya, hayo tuyaache.

Alikuja hadi nilipo, akaushika mkono wangu wa kushoto kifundoni, akauinua mpaka usawa wa bega, akauachia. Ukaanguka ukanipiga pajani, pa! Mpiga tarumbeta akacheka. Nikamkata jicho akanyamaza.

"Umeona?" Madamu akasema. "Huu ni maiti. Unaongoza okestra nzima kwa mkono mmoja. Mgeni akija akakukuta hivi, anafunga daftari lake anarudi zake uwanja wa ndege. Una wiki mbili."

Mgeni tuliyekuwa tunamngoja alikuwa Mtanzania mwenzetu, kiongozi wa okestra aliyeishi ng'ambo miaka mingi. Alikuwa anatafuta kijana mmoja tu wa kumpeleka kusomea kazi hiyo ya kuongoza, miaka mitatu. Wenzangu wawili wa miji mingine alishawaona. Mimi nilikuwa wa mwisho. Kikomo cha umri kilikuwa miaka ishirini na saba, na mimi nilikuwa nafikisha ishirini na saba mwezi uliofuata. Kwa hiyo ilikuwa hapo au basi tena, na kila mtu katika ukumbi ule alilijua hilo, hata mlinzi wa getini.

Sasa huo mkono. Madamu ni mtu wa bara, hakujua anagusa nini. Mimi nilizaliwa mashoto. Tulikuwa tunaishi Mikindani kwa bibi, mama yake baba, na bibi alipoona nachota wali kwa kushoto alipiga kelele utadhani nimeshika nyoka. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo iko chooni. Humpi mtu kitu kwa mkono huo, humpokei kitu, humsalimii, na mtu mzima humwashirii nao hata kwa mbali. Bibi alichana kipande cha kanga kuukuu akanifunga kifundo cha mkono huo kiunoni. Mwanzoni ilikuwa wakati wa kula tu. Baadaye ikawa kutwa nzima, mpaka nilipoanza kujichotea, kujifuta na kuokota kila kitu kwa kulia. Sikumchukia bibi, Mungu amrehemu. Wenzangu wengine walipakwa pilipili vidoleni, bora mimi nilifungwa kwa kanga laini. Lakini nilipofunguliwa, mkono ulikuwa umeshajifunza kukaa chini.

Mahali pekee ulipoamka ni kwenye fidla. Baba alipohamia Magomeni, hapahapa Mtwara, tulipakana ukuta na mzee mmoja aliyekuwa mpigaji wa taarabu, aliyepiga harusi zote kuanzia Mikindani mpaka Lindi. Watu walimwita Maalim kwa sababu alikuwa anafundisha, fidla kwa anayetaka na Kurani kwa wote. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa mlangoni kwake namsikiliza mpaka akachoka kunifukuza, akanipa fidla ndogo iliyopasuka pembeni. Kwenye fidla kazi yote ya vidole ni ya kushoto, kulia kunavuta upinde tu. Maalim alivitazama vidole vyangu vinavyokimbia kwenye nyuzi, akamwita mkewe aje kuona.

"Huyu ndiye waliyemfunga?" alisema. "Walimfunga farasi hawa."

Nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka nikajisahau. Aliponiomba ule ulimbo wa kupakia upinde, nikamnyooshea kwa mkono uleule. Maalim hakuupokea. Aliuacha mkono wangu unaning'inia hewani, anatazama pembeni kama hanioni, mpaka nilipokumbuka nikabadilisha.

"Kwenye nyuzi, sawa," alisema. "Kwangu mimi, hapana."

Hakunipiga wala hakunisema zaidi ya hapo. Sikurudia tena, miaka kumi na saba.

Madamu alipoletwa kufundisha chuoni alikuta vyombo vimefungiwa stoo na panya wanazalia ndani ya sello, zile fidla kubwa za kuegemeza magotini. Akavitoa, akatafuta watu. Alichukua wapiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, mpiga klarineti mmoja kutoka Kilambo ambaye babu yake alivuka na chombo hicho kutoka Msumbiji, wanafunzi wa chuo, na sisi watu wa taarabu. Maalim alikuja kwa kunisindikiza mimi, akakaa, akawa fidla ya kwanza, maana hakuna aliyethubutu kumwambia akae nyuma. Mimi nilijifunza kusoma nota za mistari haraka kuliko wenzangu. Siku ya mahafali Madamu akashikwa na malaria kali, akaniambia kwa simu, "Simama wewe uwapigie mkono, wafike tu mwisho." Walifika mwisho. Nilishuka jukwaani, na nikajua kwamba sitaki tena kukaa kwenye kiti.

Mama nilipomwambia nataka kuwa kondakta aliuliza, "Kondakta? Wa basi la Masasi?" Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Lakini likizo mbili nilikwenda Dar kwenye mafunzo, nikarudi na kijiti cha kuongozea na maneno mengi, na Madamu akawa ananiachia mazoezi yote. Alikuwa anasema nina sikio na nina ukali, na kwamba vitu hivyo viwili havifundishiki. Mkono ndio ulikuwa unanishinda.

Na ungeweza kunishinda tusijue, kama si kile kipande cha muziki wa polepole alichokichagua mgeni. Katikati ya kipande kile fidla ya kwanza inanyamaza vipimo arobaini, kila kimoja mapigo manne, halafu inaingia peke yake, juu, laini, wengine wote chini. Sasa mpigaji wa taarabu hanyamazi. Akianza kaanza, mpaka nyimbo iishe au bibi harusi atoke. Vipimo arobaini vya kimya Maalim aliviona ni mzaha.

"Miaka hamsini napiga fidla," alisema, "sijawahi kukaa kimya nahesabu. Kimya kinahesabiwaje?"

Kwa hiyo alikuwa ananitegemea mimi nimwashirie. Na alikaa kushoto kwangu, mahali fidla za kwanza zinapokaa duniani kote. Kiongozi yeyote angenyoosha mkono wa kushoto tu, mara moja, kiganja juu, yakaisha. Mimi nilikuwa nauleta wa kulia, pamoja na kijiti, unapita mbele ya kifua changu mpaka upande wake. Mkono wa kulia ndio unaoshika mwendo. Ukiuondoa mahali pake, wa sello kule kulia hawaoni pigo, wanapotea, na wakipotea wao wanamvuta kila mtu shimoni.

"Dada," mpiga tarumbeta aliniambia mara moja tulipoporomoka, "unaongoza au unaogelea?"

Alikuwa mlinzi kwenye mitambo ya gesi kule Mnazi Bay na alikuwa anakuja mazoezini na sare yake, pikipiki yake na mdomo wake. Nilimwambia nyumbani kwao hawaogi kwa hiyo ya kuogelea kayajulia wapi. Watu wakacheka. Lakini moyoni nilikuwa nawaka.

Madamu alinipa njia tatu. Mhamishe mzee akae kulia. Au mpe sehemu yake yule binti wa mwaka wa pili anayejua kuhesabu. Au nyoosha mkono.

Nilijaribu ya kwanza. Nilimfuata Maalim kabla ya mazoezi, nikamwambia kwa adabu zote kwamba labda upande ule mwingine hewa ni nzuri zaidi, dirisha liko karibu. Alinitazama.

"Unanihamisha kama jiko la mkaa," alisema. Akakaa palepale.

Ya pili Madamu aliisema mbele yangu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayebadilisha pazia, na hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia mzee huyu ndiye aliyenitoa mlangoni kwake akanifanya mtu, nafasi yenyewe na ipotelee mbali, na nikapiga kijiti kwenye meza kikavunjika vipande viwili. Madamu alivitazama vile vipande. Akafungua mkoba wake, akatoa kingine.

"Kijiti ninacho kingine," alisema. "Nafasi sina nyingine."

Nilikichukua. Nyumbani nikawa nafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, kushoto, kushoto, kushoto, kila asubuhi. Mama akipita anageuza uso. Niliviwekea viti majina ya watu nikawa navinyooshea, na mbele ya viti mkono ulikuwa mzima kabisa. Nikifika ukumbini, kipimo cha thelathini na tisa, Maalim ananitazama kwa yale macho yake ananingoja, mkono unakuwa mzito, nautuma hauendi. Haki ya Mungu sikuwa nauzuia mimi. Ulikuwa hauendi tu.

Siku moja kabla ya mgeni kufika niliamua kwenda kwake baada ya sala ya alasiri. Nilisimama kizingitini kwao dakika nzima kama sijawahi kuingia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna hivyo? Pita."

Mkewe alikuwa uani anapepeta mchele. Nilikaa mkekani. Sikutaka kuzunguka, maana nikizunguka najua nitarudi nyumbani sijasema.

"Nimekuja kuomba ruhusa, Maalim."

"Ya kuolewa? Mbona mama yako kanificha?"

"Kesho, ikifika pale pa fidla yako, nataka nikuashirie kwa mkono wa kushoto."

Ungo ule uani ukanyamaza. Maalim alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Nimewaalika wenzangu wawili wa msikitini. Waje waone mtoto wangu."

Hilo sikulijua.

"Hao wenye mambo haya," akasema, "hawana mkono wa kulia?"

"Wa kulia unashika mwendo. Nikiuleta kwako wengine wanapotea. Umeona mwenyewe."

"Na nikikataa?"

"Nitatumia wa kulia. Nitakosa."

"Kwa hiyo unanitisha."

"Sikutishi, Maalim! Nakwambia ilivyo!"

"Weee, sauti!" mkewe aliniita kutoka uani. Nikaomba radhi. Nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Nje watoto walikuwa wanacheza rede wanagombana. Maalim alipozungumza alikuwa anautazama ukuta.

"Nimefundisha watu wengi. Wengine wametangulia. Wanangu mwenyewe sita. Hakuna hata mmoja aliyeniwekea huo mkono usoni." Akavuta pumzi. "Sawa. Kesho. Mara moja. Halafu tusilizungumze tena."

Nilimbusu mkono wake wa kulia, nikatoka bila kumuaga mkewe, jambo ambalo mama alinigombeza baadaye. Nilipaswa kufurahi. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa naona aibu kama mtu aliyechukua kitu cha watu.

Mgeni alifika saa tatu asubuhi, mwembamba, shati jeupe, Kiswahili chake cha kupimapima kama mtu anayekanyaga mawe. Alikaa kiti cha nyuma na daftari mapajani. Mbele walikaa walimu wachache wa chuo, na pembeni yao wale wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi zikasimama, kofia safi, wanamtazama mwenzao kwa fahari. Maalim alikuwa amenyoa ndevu vizuri. Hakunitazama.

Nilianza. Mwanzo ulikwenda, nakiri ulikwenda vizuri mno, klarineti ya Kilambo ilikuwa inalia mpaka mwalimu mmoja akaweka simu chini. Fidla ikanyamaza. Nikaanza kuhesabu. Ishirini. Thelathini. Thelathini na tano. Maalim akainua kichwa, akaniwekea macho. Thelathini na tisa, nikautuma mkono. Ukainuka mpaka kifuani. Ukagota hapo, umekunja ngumi, hauendi mbele haurudi nyuma, na nikawaona wale wazee wawili kwa pembe ya jicho, na mkono wa kulia ukaondoka wenyewe mahali pake ukamkimbilia Maalim. Sello wakapotea. Tarumbeta ikaingia kivyake, ikajisikia peke yake, ikatoka. Tukafa.

"Simameni," mgeni alisema. Alikuja mpaka katikati ya ukumbi. "Binti, mkono wako wa kushoto una tatizo? Uliwahi kuvunjika?"

"Hapana."

"Basi sijui unaufanyia nini." Alitazama saa. "Tutarudia toka mwanzo. Mara moja tu, ndege yangu haingoji."

Madamu, dirishani, alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Nilimtazama Maalim. Mara moja, alikuwa amesema. Je, ile ilikuwa imehesabika? Alikuwa amenipa kitu mbele ya rafiki zake na mimi nimekiangusha chini. Nilitaka anipe ishara yoyote, hata kukunja uso. Alikuwa anakaza uzi wa fidla yake, kichwa chini, anaukaza na ulikuwa umeshakaza.

Sikuwa na wa kumwomba. Nikainua kijiti tukaanza upya.

Safari hii sikusikia uzuri wowote. Nilisikia namba tu. Mpiga tarumbeta, yule mwenye mdomo, alinitazama akaniitikia kwa kichwa taratibu, bila mzaha, na nilimshukuru. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Nilikuwa na hasira, nasema kweli, nilikuwa na hasira na bibi na kanga yake, na Madamu, na yule mgeni na ndege yake, na mkono, na mimi mwenyewe. Thelathini na tisa. Nikaunyoosha. Ulikwenda wote, kuanzia begani, kiganja wazi, vidole vitano vyote vimemwelekea Maalim usoni, mbele ya wenzake.

Maalim aliuona. Akafumba macho.

Pigo likafika na fidla haikuingia.

Sijui namna ya kueleza urefu wa kitu kifupi vile. Upinde ulikuwa juu ya uzi, hauendi. Watu ishirini na tisa walikuwa chini wanavuta sauti moja, wananitazama, na kanuni niliyofundishwa Dar ilikuwa wazi: endelea, mwendo ni wa wote, aliyekosa atajikuta mbele. Ningeendelea, fidla ingedandia katikati imevunjika, na kila mtu angejua nani kakosa. Mkono wangu wa kulia ukapunguza. Niliuvuta mwendo, nikaushikilia pale hewani nikawa nauburuza, na wote wakaburuzika na mimi, sello, klarineti, wote. Mkono wangu wa kushoto ulibaki umenyooka. Halafu upinde ukatembea.

Aliingia. Na alipoingia, jamani, alipiga kama mtu anayesema jambo lake la mwisho nyumbani kwake. Macho yamefumbwa mpaka mwisho.

Tulipomaliza wale wazee wawili walikuwa wa kwanza kupiga makofi. Watu wakaanza kuinuka, wanafungua masanduku ya vyombo. Mgeni akaja karibu na jukwaa, Maalim yuko hatua tatu anafunga fidla yake kwenye kitambaa.

"Pale pa fidla," mgeni alisema, "mwendo uliburuzika. Kila mwenye masikio kasikia. Fidla ilichelewa, au wewe?"

"Mimi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Mimi. Nilitaka ivutike."

"Kiongozi anayeburuza mwendo bila sababu ana kasoro kubwa," alisema, akaandika. Aliandika kwa muda. "Utapata jibu kwa simu."

Wanafunzi walikuwa wamepika pilau. Nilipogeuka kumtafuta Maalim nimpakulie, alikuwa ameshaondoka, na wenzake wawili wamebaki wanaulizana.

Wiki tatu zilipita na simu haikulia. Nilikwenda kwa Maalim siku ya pili, mkewe akasema amelala. Nikaenda Ijumaa, akasema kaenda Mikindani kwa mdogo wake. Nikaenda tena, akaniambia amelala, na mimi nasikia kikohozi chake chumbani. Mazoezini kiti chake kilikuwa kitupu. Nikajua yameisha. Nimemvunjia mzee heshima mbele ya watu wake, mara ya pili bila ruhusa, na nafasi yenyewe nimeikosa kwa mdomo wangu. Nilipiga ndoo teke uani mpaka ikapasuka, na mama, ambaye si mtu wa kunyamaza, aliokota vipande akaenda zake.

Simu ililia nikiwa nafua, mikono ina povu. Nimechaguliwa. Yule mtu wa upande wa pili alinisomea na maelezo: mgeni amesita sana juu yangu, mwendo wangu una hitilafu, nitakuwa chini ya uangalizi muhula wa kwanza, na hitilafu hiyo ikionekana tena nitarudishwa. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama akapiga vigelegele majirani wakatoka, wote wa pande zote, isipokuwa nyumba moja. Tulipakana ukuta. Walisikia.

Siku tano kabla ya safari nilikwenda nikakaa kwenye baraza yake, juani, nikamwambia mkewe, "Leo siondoki. Akiamka nipo, akirudi nipo." Aliingia ndani. Baada ya muda Maalim akatoka, akakaa upande wa pili wa baraza, mbali nami kidogo. Nilimwona amekonda.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba." Akakohoa. "Nasikia huko kuna baridi."

"Ndiyo."

"Uvae soksi."

Nilishindwa kuvumilia. "Maalim, kama nimekukosea nichape. Nichape tu nijue. Lakini usinifanyie hivi."

"Umenikosea nini?"

"Mkono. Uliniruhusu mara moja, nikaunyoosha mara ya pili bila idhini yako, mbele ya—"

"Mara ya kwanza haukufika," alisema. "Nilikuwa naungoja ufike." Aligeuka akatazama mlangoni kama mkewe yupo karibu, halafu akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinama. "Mkono ulipokuja nilifumba macho. Nilifumba kama mtoto anayechomwa sindano. Sikuliona pigo. Niambie kweli, mwanangu. Niliingia sawa?"

Miaka kumi na saba sikuwahi kumwambia Maalim amekosea. Alipokosea nilinyamaza, au nilisema labda uzi umelegea. Neno "sawa" lilikuwa tayari mdomoni, ni neno fupi tu. Alikuwa ananitazama na ule uso uliokonda, na nikaelewa kwamba hakuwa amelala wala hakuwa Mikindani, alikuwa ananikwepa kwa aibu yake mwenyewe.

"Ulichelewa, Maalim."

"Kiasi gani?"

"Pigo moja na nusu."

"Astaghfirullah." Alishika goti lake. "Na wengine?"

"Niliwashika. Tulikusubiri."

"Na yule bwana alipokuuliza, nilikuwa hapohapo nafunga kitambaa. Nilikusikia ulichomjibu. Nikatoka, sikuweza kukaa." Akavua miwani yake. "Ungekosa."

"Ndiyo."

"Mwaka wako wa mwisho. Ungekosa nafasi kwa pigo moja na nusu la mzee aliyefumba macho."

"Ndiyo, Maalim. Ningekosa."

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga mkubwa." Akavua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kumtikisika.

Sikuwahi kumwona mtu mzima wa rika lake analia, na kwetu mtoto hatazami jambo kama hilo. Niligeuza uso nikatazama barabarani, bodaboda zinapita, mama muuza samaki anaita, na sikuondoka.